Binti Aliyeniita Mdogo Wake

Nikianza habari hii kuna watu hutafuta kiti, na wengine hutafuta mlango. Wewe chagua. Mimi sikuota, sikunywa, wala sikuwa na homa. Ilikuwa mchana, jua la Voi linachoma kama kawaida yake, nami nimekaa kwenye benchi ya mahakama na karatasi za mirathi mapajani. Kama mizimu ina adabu ya kungoja usiku, huyu wangu hakufunzwa.

Baba alikuwa amefariki. Shamba letu liko Werugha, kule juu milimani, na hati yake ilikuwa bado kwa jina lake. Jirani wa upande wa chini alipoona mwenye shamba kazikwa, akaanza kusogeza ua. Leo kidogo, wiki ijayo kidogo, mpaka ua ukakaribia jiko la mama. Ukimwuliza anakujibu, "Nenda kashtaki." Na hapo alikuwa mjanja, maana korti isipoteua msimamizi wa mirathi, nani atashtaki kwa niaba ya marehemu? Mama alikuwa halali, anasikiliza jembe la huyo mtu. Nikasema hii kazi ni yangu. Mimi ndiye kifungua mimba, nimeuza mapazia Voi tangu ujana, najua kubembeleza na najua kufoka. Ndugu yangu Mwakio ni mpole mno. Ukimtuma ofisini anarudi na "wameniambia nije kesho".

Tulianza kwa chifu. Akauliza marehemu ameacha nani. Tukamjibu: mke mmoja na watoto wawili, mimi na Mwakio. Wazee wa ukoo wakaitikia, barua ikaandikwa. Kisha tukarudi nyumbani tukatasa. Kama wewe si Mdawida, mtu wa milima yetu, nikueleze: kutasa ni kupiga funda la maji, au pombe ya miwa kwa watu wa zamani, ukalipuliza chini huku unatamka kinyongo chako kitoke moyoni. Sisi ni watu wa kanisa, ndiyo, lakini kwa jambo la shamba nani ataruka hilo? Kinyongo kikibaki, mali haikai. Nikatasa, Mwakio akatasa. Mama alipuliza maji yake bila kutamka neno, nami nikadhani ni uchungu wa ujane.

Sasa turudi kwenye benchi. Nangoja kuitwa, mara msichana akaja akaketi karibu yangu bila hodi. Umri wake kama miaka ishirini hivi, miguu mitupu, udongo mwekundu mpaka kwenye vifundo. Akanisalimia kwa Kidawida, kile cha ndani cha bibi zetu, ambacho wasichana wa siku hizi hawakijui. Akauliza mimi ni wa nyumba gani. Nikamwambia.

"Na kifungua mimba wenu ni nani?"

"Ni mimi," nikasema, na nilisema kwa kifua mbele.

Akacheka, mkono mdomoni. "Haya, mdogo wangu. Nipe maji."

Mdogo wangu! Mimi, mwanamke mwenye wajukuu! Niamini, nilitaka kumzaba kofi. Lakini maji hayanyimwi mtu, kwa hiyo nikampa chupa. Akapiga funda, akalipuliza sakafuni, pfuuu, pale pale mbele ya miguu yangu. Akasema, "Changu mimi nilishakitema. Cha baba bado kimo nyumbani. Na mtoto wangu yuko Njukini, hamkumtaja."

Niliinama kuokoa karatasi zisilowe. Nilipoinuka hakuna mtu. Ushoroba mzima, hakuna mtu.

Askari wa mlangoni akanijia. "Mama, unagombana na nani? Na mbona unamwaga maji?" Hakuwa ameona yeyote. Ila maji aliyaona, akaenda kuleta tambara. Je, niliogopa? Niliogopa, kwa nini nikudanganye? Lakini woga wangu haudumu, hugeuka hasira. Jina letu lilipoitwa sikusimama. Nilitia karatasi kwenye mkoba nikapanda Werugha siku ile ile.

Nilimkuta mama jikoni anapukuchua maharagwe. Sikumwamkia hata. "Mama, Njukini tuna nani?"

Mikono yake ikasimama. Nikavuta kigoda, nikakaa. Halafu akasema, "Alikuwa amevaa viatu?"

Sikuwa nimemwambia kwamba nimeona mtu.

"Hapana, mama. Miguu mitupu."

Mama alilia siku hiyo kuliko alivyolia kaburini kwa baba. Kumbe mimi si kifungua mimba. Kulikuwa na Mkawasi, kisha mimba zikaharibika moja baada ya nyingine, ndipo nikaja mimi. Nilikuwa bado wa kubebwa mgongoni Mkawasi alipopata mimba ya kijana wa Njukini. Baba akamfukuza kwenye mvua bila viatu, akaapa jina lake lisitamkwe tena pale kwake. Alijifungua mtoto wa kike kwa watu wa Njukini, akafa huko huko, na baba akakataa hata kwenda kumzika. Wazee walimsihi atase. Alikataa mpaka naye akaingia kaburini na hasira yake. Na mama alikuwa amebeba jina hilo peke yake maisha yangu yote. Nilimkumbatia pale pale, maharagwe yakamwagika.

Mwakio alipopata habari akashika kichwa. "Dada, tukianza upya kwa chifu, huyu jirani atafika chumbani. Aliyekufa si ameshakufa?"

"Mtoto wake hakufa," nikamwambia. Nilikuwa nimeshauliza, na sheria iko wazi: mtoto anasimama mahali pa mzazi wake aliyetangulia. "Heri jirani ale jiko kuliko sisi tule haki ya yatima." Kesho yake tulikwenda Njukini pamoja.

Mtoto gani sasa! Tulimkuta sokoni anauza mahindi na maharagwe, mama mzima mwenye mvi, rika langu kabisa. Anaitwa Wakesho. Nilipomweleza sisi ni akina nani alicheka, mkono mdomoni, na hapo ndipo nywele zilinisimama kuliko siku ile ya benchi. Akaniita mama mdogo. Safari hii sikukasirika.

Tukatasa upya, Wakesho akiwa katikati yetu. Mama akapiga funda, akapuliza, akasema kwa sauti ambayo hata jirani alisikia: "Baba Mkawasi, hasira yako naitema mimi. Mkawasi mwanangu, rudi nyumbani." Chifu alitaka kujua kwa nini hatukusema mapema, nikamwambia kweli yote, akaandika barua nyingine. Tangazo likatoka kwenye gazeti la serikali, siku za pingamizi zikapita kimya, korti ikatuteua mimi na mama. Mpimaji alipokuja kuonyesha mpaka, jirani aling'oa ua wake mwenyewe bila kusukumwa. Jiko la mama lingalipo.

Wakesho amejenga pale juu na analima. Mama sasa ni mzee sana, mambo mengi yamemtoka kichwani, na mimi mwenyewe huniuliza natoka wapi. Lakini jioni humsikia akiita, "Mkawasi, umekula?" Na Wakesho, ambaye hakumjua mama yake, hujibu, "Nimekula, mama."

Watu huniletea karatasi zao za mirathi niwaelekeze, na swali langu la kwanza huwa moja: nani hamkumtaja? Wengine huondoka kwa hasira, na wiki ya pili hurudi. Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwenda kwa chifu, usihesabu wale waliokuja matangani tu. Kwanza mwendee mama yako jikoni, mkiwa wawili, umwulize. Akinyamaza, usimharakishe. Vuta kigoda, ukae.