Kahawa ya Kutafuna ya Mama Koku

Wifi yangu Stellamaris, Mama Koku, hajawahi kushindwa kubishana, hata na ardhi. Kaka yangu Evodius alipostaafu udereva wa serikali, waliwaachia wapangaji nyumba yao ya Misugusugu wakahamia shambani Marui, Kisarawe, nami nikafuatana nao. Sote tulitarajia mihogo na mananasi. Wifi alishuka kwenye gari na miche ya kahawa kutoka kwetu Bukoba.

"Kahawa inataka milima na baridi," nilimwambia.

"Hiyo ni ya Wachaga. Yetu inataka kivuli na mtu asiye mvivu. Ndiyo maana wewe huijui."

Aliipanda chini ya migomba, akaitandazia nyasi, na kiangazi akaibebea maji. Ikashika, ikachanua, ikazaa. Nilimwonea fahari, ingawa sikumwambia.

Ikabaki soko. Mnunuzi alikuja, akaisifu, kisha akasema hawezi kuleta gari Marui kwa shamba moja. Wapatikane majirani wa kupanda nao. Kaka yangu, ambaye subira hakujaliwa, akatangaza kwamba majirani wasipopatikana kabla ya masika, ataing'oa yote apande mananasi. Wifi alilia siku ile. Alipomaliza akanawa uso, akasema majirani watapatikana.

Alianza na ukarimu wa kwetu. Bukoba mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna: buni changa zilizochemshwa na majani ya kunukia, zikaanikwa mpaka zikakauka. Kila aliyepiga hodi aliwekewa kiganjani. Aliyemlenga hasa ni Mzee Mwinyimadi, mwenyeji mwenye shamba bondeni, ambaye akipanda kitu nusu ya kijiji inapanda. Mzee alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akatia mfukoni. Kila alipokuja ilikuwa hivyo. Wifi akadhani anampelekea mkewe, Bi Kidawa.

Masika yalipokaribia, maneno yakazagaa kijijini: yule mama wa Bukoba ana roho mbaya, anagawa mbegu alizozipika ili kahawa ibaki yake peke yake. Evodius aliposikia akachukua sururu akaing'oe. Wifi akamwomba angoje kidogo tu, akajifunga kanga kiunoni, akashika njia ya bondeni. Mimi nyuma yake, maana ugomvi wa wifi yangu siukosi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Ilikuwa marahaba ya baridi. "Mama Koku, nimekukosea nini mimi?"

Akatupeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na kitalu safi, udongo laini umelowa, juu kimezibwa makuti. Hakukuwa na hata jani moja.

"Kila punje uliyonipa imo humu. Mke wangu kabeba maji kiangazi kizima. Nimefukua moja, imeiva kama kunde!"

Wifi yangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Mzee wangu, hizo ni za kutafuna!"

"Kutafuna? Nani anatafuna kahawa? Kahawa si inanywewa kikombeni?"

Wifi akafungua pindo la kanga, akatoa moja, akaitafuna mbele yake. Mzee alimtazama kama mtu anayetafuna kifungo.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Kwetu mgeni hafundishwi kula!"

Bi Kidawa, aliyesimama mlangoni, ndiye aliyefuata kucheka, na yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kukasirika. Wifi hakungoja. Alirudi mbio nyumbani, akamleta kaka yangu, sururu bado mkononi, akamsimamisha mbele ya kitalu kile kitupu na kumweleza yote.

Evodius aliinama, akagusa udongo. Bado ulikuwa umelowa.

"Mmeumwagilia kiangazi chote?"

"Chote," alijibu Bi Kidawa. "Kwa kichwa changu hiki."

"Hakuna kilichoota, na mkaendelea?"

"Tulikuwa tunaitaka kahawa," alisema Mzee Mwinyimadi.

Kaka yangu alimgeukia mkewe. Nimemjua tangu utotoni, na sijawahi kumsikia akiomba radhi. "Nisamehe, mama," alisema, tena mbele za watu. Kisha akamwambia mzee, "Chini ya mibuni yetu kuna miche imejiotea yenyewe. Chukua beseni twende, nikakuchimbulie kwa mkono wangu."

Mzee hakuondoka mara moja.

"Hiyo haijapikwa?"

"Haijapikwa, mzee wangu," alisema Evodius, akamkabidhi mkewe sururu.