Kipimo cha kazi Garissa: mkojo wangu ulikuwa rangi ya machungwa, wakaniita mlevi

Wakuu, asalaam aleikum, na habari zenu wote.

Nimesoma uzi wa yule kijana aliyenyimwa kazi kwa sababu ya kipimo cha mkojo, wakati anameza dawa alizoandikiwa na daktari. Wengi mmemcheka. Mimi nimeshindwa. Jambo kama hilo lilinipata Garissa miaka ya tisini, na nitalieleza lilivyokuwa bila kutia chumvi. Majina nimebadilisha, na kampuni siitaji.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, naishi mtaa wa Waberi na mama na dada yangu Halima. Nikaanza kukohoa, nikakonda, usiku natoka jasho. Hospitali wakapima makohozi, wakasema ni kifua kikuu.

Kwa wasiojua: sisi Wasomali ugonjwa huo tunauita qaaxo, na siku zile jina hilo lilitajwa kwa kunong'ona. Nyumba ikishajulikana ina qaaxo, posa haziji. Na Halima alikuwa ameposwa na familia moja ya Eldas.

Mama akanishika mkono. "Hooyo," akaniambia (maana yake mama; mama wa Kisomali humwita mwanawe kwa cheo chake mwenyewe), "mtu akiuliza, wewe uko Hulugho kwa abti yako, unachunga ngamia."

Abti ni mjomba. Ngamia sikuwaona. Nilikuwa hapo hapo mjini, nyuma ya wodi za hospitali.

Huko kulikuwa na vibanda tulivyoviita manyata. Mgonjwa wa kifua kikuu alikaa humo miezi miwili ya kwanza ili muuguzi amwone akimeza dawa kila asubuhi. Wafugaji walitoka mbali, wengine siku kadhaa na mifugo yao. Muuguzi wetu alikuwa Sista Mutheu, Mkamba, mdogo wa umbo na mkali wa macho.

Sasa sikilizeni hapa, maana kesi yote iko hapa.

Kidonge kimoja kati ya vile hubadilisha mkojo ukawa rangi ya machungwa. Hakina ubaya, ndivyo kilivyo. Sista alikitumia kutukamata. Ukimwambia umemeza na yeye ana shaka, anakupa kikopo na kukuelekeza chooni. Ukirudi na rangi, "Vizuri, mwanangu." Ukirudi na mkojo mweupe, "Umetema wapi?"

Kwa hiyo kule manyata rangi ile ilikuwa cheti cha utiifu. Wazee walitambiana nayo.

Nikiwa karibu kumaliza ile miezi miwili, ikaja habari kwamba kampuni ya malori kutoka Nairobi, iliyobeba chakula cha msaada kuelekea mpakani, inataka madereva na makarani wa stoo. Sista alikuwa amenipima tena makohozi na kuniambia siwezi kumwambukiza mtu. Akaniruhusu niende.

Intavyuu nikapita vizuri. Meneja akanipa mkono, akasema kazi ni yangu, kimebaki kipimo tu. Lori lao moja lilikuwa limepinduka, dereva akalaumiwa kwa kulewa dawa, basi wakaamua kila mtu apimwe.

Tukapangwa foleni uani. Chini ya banda la mabati kulikuwa na meza, na nyuma ya meza bwana wa maabara kutoka Nairobi, koti jeupe. Kabla hajakupa kikopo alikuuliza kwa sauti ya kusikika hadi getini:

"Unatumia dawa?"

Basi. Dawa. Hakusema dawa gani.

Mbele yangu alikuwa mzee mmoja fundi wa magari. Akajibu kwa adabu, "Ndiyo, ya bresha." Akaambiwa asimame kando. Mzee wa watu akasimama pale akitabasamu, nadhani akitarajia kuongezewa vidonge. Baadaye akaambiwa aende nyumbani. Hakuelezwa kwa nini.

Nilipofika mimi nikajibu, "Hapana."

Mnaweza kuniita mwongo. Lakini pimeni wenyewe. Kiswahili kina neno moja kwa kinachotibu na kinachoua: dawa ya kifua, dawa ya mende, dawa ya viatu, dawa za kulevya. Kwa Kisomali daawo ni kitu cha kukuponya. Yule bwana aliuliza kuhusu ulevi, mzee akajibu kuhusu presha, na mzee ndiye aliyeadhibiwa. Na nyuma yangu ilikuwa foleni nzima ya majirani wa Waberi. Ningejibu nini?

Nikaenda chooni, nikarudi na kikopo.

Yule bwana akakiinua kwenye mwanga. Halafu dereva mmoja, mtu mrefu tuliyemwita Dheere, akapiga kelele:

"Wallahi hii si mkojo, hii ni betroli! Itieni kwa lori, tufike Mandera!"

Watu wakaangua kicheko. Hata mimi nilikaribia kucheka.

Bwana wa maabara hakucheka. Wala hakupima. Narudia, wakuu: HAKUPIMA. Vile vijiti vyake vya kupimia vilikuwa mezani, hakuchovya hata kimoja. Alisema, "Umetia rangi ili kuficha. Mnadhani sisi ni watoto?" Akaandika kwamba nimeshindwa, akamwaga kikopo mchangani mbele ya watu.

Dheere mwenyewe alikuwa ametafuna miraa hadi alfajiri, shavu bado limevimba. Akapita. Kipimo chao hakikutafuta miraa. Simlaumu yeye, nalaumu waliokuwa wanajidanganya kwamba wanalinda barabara.

Nikarudi hospitali na kumweleza Sista. Hakuniuliza swali. "Twende," akasema, na sare yake vile vile.

Alipofika akamwomba yule bwana wazungumze kando. Akajibiwa, "Sema hapa hapa, hatuna siri." Sista akainama, akamnong'oneza. Bwana akaruka nyuma hadi kiti kikaanguka.

"TB? Huyu ana TB?"

Foleni iliyokuwa inacheka ikatawanyika kama mbuzi waliosikia fisi.

Sista akapandisha sauti. "Anameza dawa! Hamwambukizi mtu! Mimi niko nao kila siku, umeniona nakohoa?"

Meneja akatoka ofisini kusikia kelele ni ya nini. Akasikiliza yote kwa utulivu, lazima niseme ukweli. Kisha akasema, "Kwa hiyo si mlevi. Hilo tunalifuta, samahani. Lakini hii ni stoo ya chakula, Sista. Siwezi."

Nilisafishwa na kufukuzwa kwa pumzi moja.

Kabla ya Magharibi Waberi nzima ilikuwa inajua. Watu wa Eldas hawakutuma neno la kuvunja posa. Waliacha kuja tu. Halima hakunilaumu. Wageni wakiwepo, alichukua kikombe changu na kukiosha pamoja na vyao, polepole, waone.

Wiki kadhaa baadaye, nikiwa nimeshatoka manyata, Dheere akaja nyumbani. Hakuingia. Akaniita nje, akakohoa sana kwanza.

"Walaal, ile dawa ya Sista. Ukikula, mkojo nabadilika lazima?"

"Lazima."

"Siku ngapi?"

"Miezi miwili hivi."

Akatazama barabara. "Na sisi tunabimwa kila mwezi."

Nikamwambia kifua hakingoji. Nikamwambia Sista atamtetea, atakwenda kueleza.

"Kwako alikuja mwenyewe, na uniform," akasema. "Ilisaidia?"

Akanipiga begani, akacheka kidogo. "Nitaenda nikibata likizo, inshallah. Mimi niko na watoto watano, ndugu yangu."

Sista nilimwambia. Alimfuata kwenye kambi ya madereva mara mbili, kila mara akaambiwa yuko safarini.

Dheere alirudi kutoka mpakani akiwa kwenye kiti cha abiria, lori lake likiendeshwa na mtu mwingine, kitambaa cha damu mkononi. Hakumaliza wiki hospitalini, tukamzika. Waliokuwa wakifanya naye kazi waliniambia kipimo chake cha mwisho cha mkojo kilikuwa safi kabisa.

Nilichojifunza ni hiki. Ukimwadhibu mtu kwa sababu anameza dawa, hujapunguza walevi. Umewafundisha wagonjwa wasimeze. Mgonjwa anayemeza ndiye salama, na ndiye mliyemtoa. Anayekohoa kimya ndiye mliyempa usukani.

Na wewe unayeenda kupimwa: omba kuzungumza faraghani, taja kila kidonge unachomeza, na usikubali matokeo ya kikopo ambacho hakikupimwa.

Uwanja ni wenu. Ila wale mnaoajiri, nawaomba mnijibu kwanza nyinyi: mtu wa mwisho uliyempima, ulimuuliza swali gani, na mbele ya nani?