Kigelegele Changu Kimetoa Uwanja wa Zahanati

Admin, nifiche jina, maana ninaowasema hapa ni watu tunaokula nao sahani moja. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na nne, nimeolewa, nakaanga viazi karai hapa Utange. Wale wenye hamu ya kunitukana kwenye komenti, subirini nimalize. Mtaani kwangu nimeshatukanwa vya kutosha, hamtaleta jipya.

Mwaka juzi wakaazi tuliitwa baraza tuchague kamati ya zahanati yetu. Watu walipanga mlolongo nyuma yangu, wanawake kwa wanaume, nikawa mwakilishi wa akina mama. Sikuomba. Walinichagua kwa ajili ya mdomo wangu na kwa sababu kila mtu alijua ninachokitaka: chumba cha kujifungulia. Zahanati yetu haina. Uchungu ukikushika unatafutiwa bodaboda, na Mungu akusaidie njiani. Mke wa mwanangu alijifungulia kando ya kibanda cha makaa, mtoto akafa mikononi mwangu. Sasa ana mimba nyingine, kubwa. Uwanja ulio nyuma ya zahanati ulitengewa chumba hicho, na hakuna mtu Utange asiyejua.

Mwenyekiti wa kamati ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Ni mzee wa kanisa, shati jeupe, sauti ya upole kama anayebembeleza mtoto. Kwenye vikao vyake kazi yangu mimi ilikuwa chai na kukaribisha wageni. Nikinyoosha mkono kuulizia chumba, anasema, "Shemeji, hebu tuangalizie ile chai isije ikamwagika." Wanaume wanacheka, nami nainuka naenda jikoni. Nikikumbuka hilo natamani kujizaba makofi.

Sasa mjue, huku kwetu mgeni hakaribishwi kimyakimya. Akisimama lazima apigiwe kigelegele, hata kama hujui kilichomleta, hata kama humpendi. Ni adabu tu. Na mimi kigelegele changu kinajulikana, nikianza mimi hata wapita njia wanaitikia.

Siku yenyewe wakaazi wote tuliitwa pale uwanjani. Mwenyekiti akasema tumeletewa mgeni mwenye moyo wa kusaidia zahanati. "Shemeji, mkaribishe mgeni wetu." Nikapiga. Akina mama wakaitikia, makofi yakafuata, mgeni akapunga mkono akaketi. Ndipo mwenyekiti akasema kwa ule upole wake, "Ahsanteni sana. Mgeni wetu anaomba uwanja huu aegeshe malori yake ya mawe kutoka Mwakirunge, naye atatupakia zahanati rangi. Nashukuru mumempokea kwa furaha kubwa hivi. Kamati imesikia sauti ya wananchi. Tusali."

Nikaruka juu. "Mwenyekiti! Mimi nimekaribisha mgeni, sikutoa uwanja!"

"Shemeji," akasema macho yakiwa yamefumbwa, "tumeshainamisha vichwa."

Na kweli walikuwa wameinamisha! Umati mzima. Nilisimama peke yangu nimekodoa macho huku mwenye shati jeupe akimshukuru Mungu kwa maendeleo. Wakasema Amina, wakatawanyika. Wale wale walioinamisha vichwa ndio leo wanasema niliwauza. Wananunua viazi kwa mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, viazi vibichi katikati, lakini wananunua.

Malori yameshaanza kulala pale. Juzi jirani yangu alipata mjukuu, aliyezaliwa salama kwa bahati tu. Nikaenda na furaha zangu, nikafungua mdomo nimpigie mtoto kigelegele kama ninavyowapigia watoto wote wa mtaa huu. Bibi yake akanizuia mlangoni. "Wewe nyamaza. Wallahi sikukudhania. Chako si kishanunuliwa na shemejio?" Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira. Sijala shilingi ya mtu.

Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kinaketi sebuleni kwangu kinakunywa chai. Jumapili shemeji alikuja kunipa habari kwamba Jumamosi afisa wa ardhi atakuja kuwasikia wakaazi kabla kibali cha uwanja hakijatolewa. Akamaliza kikombe, akatabasamu. "Tupigie kile kile, shemeji. Kile cha siku ile kilikuwa kizuri mno." Namchukia. Nimesema. Namchukia mzee wa kanisa.

Nikamwambia mume wangu kwamba Jumamosi nitasimama niseme yote. Hakuniangalia hata usoni. "Yule ndiye aliyenilea baba alipokufa. Ukimwaibisha mbele za watu, mizigo yako utaikuta nje." Hivyo ndivyo nilivyojibiwa, baada ya miaka yote hii. Nikikaa nyumbani watasema nimekubali. Nikienda nikanyamaza, ni yale yale.

Mke wa mwanangu alikuwa jikoni akitusikia. Baadaye akaja akaketi karibu nami, mkono juu ya tumbo. "Mama, usigombane na baba kwa ajili yangu," akasema. "Safari hii nitatafuta bodaboda mapema."

Ninyi mnaosoma nipeni akili, Jumamosi niende na mdomo gani? Na nyinyi wa Utange mnaoisoma hii kwa siri na mumeshanijua, sitaki pole zenu. Niambieni jambo moja tu: nikisimama mbele ya afisa, mtakuja nyuma yangu kama siku ile ya mlolongo, au mtainamisha vichwa tena?