Vita vya Farasi Kiti cha Nyuma

Picha ile ilikuwa pana kunishinda hata nikinyoosha mikono yote miwili. Ilichorwa kwa rangi za mafuta zilizozeeka mpaka zikapasuka nyufa nyembamba. Askari wa Kizungu juu ya farasi walikuwa wakikatana kwa panga bondeni, moshi umetanda, farasi mmoja mweupe yuko chini, na nyuma yao milima imetulia kana kwamba hayo hayaihusu. Bosi wangu aliinunua Ulaya, ikaletwa Riyadh ndani ya sanduku la mbao. Mimi nilikuwa dereva wake, mwaka wa pili unaisha.

Madam, mke wake, aliitazama mara moja tu. "Malaika hawaingii nyumba yenye sanamu za viumbe," akasema. "Iondoke."

Bosi akaamua kumzawadia kaka yake wa Jeddah. Na wa kuipeleka, bila shaka, ni mimi.

Wiki hiyo mimi nilikuwa nikingoja kitu kimoja: likizo. Dada yangu, kitinda mimba wetu, alikuwa anaolewa kwetu Kenya, na kwa kuwa baba alishafariki, mimi kifungua mimba ndiye wa kumfikisha madhabahuni. Bosi nilimwambia tangu Ramadhani. Kila nikimkumbusha alinipigapiga bega: "Inshallah, inshallah." Mara hii akaongeza, "Peleka picha kwanza. Ukirudi, pasi yako ya kusafiria iko mezani."

Nikaenda sokoni Batha, nikanunua mablanketi mawili mazito, nikaifunga. Nikakunja viti vyote vya nyuma na bado kona moja ikaja mpaka karibu na sikio langu. Mwendo wa saa kumi barabarani, kila nikishika breki fremu inanigonga bega.

Kabla ya mji wa Taif, kwenye kizuizi, askari akachungulia ndani.

"Hii nini?"

"Picha."

"Yako?"

Nilikuwa nimevaa kandambili na fulana iliyolowa jasho. "Ya kafili, bosi aliyeniajiri," nikamjibu.

"Fungua."

Nikaitoa, nikafungua blanketi. Upepo ukaidaka, ukanivuta nayo hatua tatu, ikagonga mlango wa gari. Kipande cha fremu chenye urefu wa kidole kikadondoka. Askari akawaangalia wale farasi kwa muda, akatabasamu. "Yalla, nenda."

Jeddah, kaka yake bosi alitoka mpaka getini, akaiona kona iliyobanduka, akakunja uso. "Ananitumia zawadi iliyovunjika?" Akampigia ndugu yake simu. Walizozana weee, mimi nimesimama juani nimeishikilia picha isianguke. Mwisho nikapewa simu.

"Ipeleke Balad, mji wa kale, itengenezwe," bosi akasema, "halafu urudi nayo. Huyo hana shukrani."

"Na likizo yangu, bosi?"

"Picha kwanza."

Fundi wa fremu alikuwa mzee wa Kiyemeni, duka lake limebanwa chini ya nyumba ya mawe ya matumbawe. Akapapasa ile kona. "Siku nne."

"Mzee, nina harusi!"

"Gundi haijui harusi," akanijibu, akaenda kuchemsha chai.

Siku nne nililala chumbani kwa Mkenya mwenzangu, mlinzi, na kila asubuhi nikaenda kukaa kwenye kigoda cha yule mzee, nikidhani nikimkodolea macho atafanya haraka. Alichonga polepole. Mimi nikawa natazama vita. Kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyoudhika, maana hakuna aliyekuwa anashinda. Nikamuuliza mzee hawa wanapigania nini.

"Mimi ni fundi wa fremu," akasema.

Siku ya tatu dada yangu akapiga simu. "Umefika wapi?"

"Niko Jeddah."

"Si huko kuna ndege nyingi? Panda uje basi."

"Pasi yangu iko Riyadh. Lazima nirudi huko kwanza. Kuna picha."

"Picha gani?"

Nilifungua mdomo nimweleze, nikashindwa pa kuanzia.

Nilipofika Riyadh, madam alikuwa getini. "Umeirudisha?" Bosi, kwenye simu, akaniamuru niiingize sebule ya wageni. Madam akasema haikanyagi ndani. Nikaiegemeza ukutani, nikakaa chini kando yake.

"Halas, imetosha," nikasema. Miaka miwili sikuwahi kuwapandishia sauti. "Mimi picha hii siibebi tena. Si ndani, si nje. Zimebaki siku tatu dada yangu aolewe, na pasi yangu imo ndani ya droo ya nyumba hii."

Nilijua watu waliorudishwa kwao kwa maneno machache kuliko hayo.

Madam akanitazama. "Dada yako anaolewa?" Kumbe hakuwahi kuambiwa. "Baba yako je?"

"Alikufa, madam. Ni mimi ninayengojewa."

Akaingia ndani. Nilimsikia akimfokea mumewe kwenye simu, Kiarabu cha mbio nisichoweza kukifuata. Akatoka ameshika pasi yangu. "Viza yako ya kuondoka nchini itatoka kesho. Picha itakaa gereji."

Viza haikutoka kesho. Bosi alinuna siku nzima, ikatoka keshokutwa. Na gereji picha ilikaa kweli, mpaka siku niliyoiacha kazi ile kabisa.

Nilishuka Nairobi asubuhi ya harusi, nikakodi gari, nikafika kanisani watu wanatoka. Baba mdogo ndiye aliyekuwa amemfikisha bibi harusi madhabahuni. Dada aliponiona aliinua gauni lake, akaja mbio, akanichapa kifuani kwa maua yake mara mbili, kisha akanikumbatia akilia.

"Kwani walikufunga?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema. "Hata hilo lingeelezeka."

Sahani yangu walikuwa wameniwekea tangu mapema. Niliukuta wali umepoa. Niliula wote, nimekasirika, ila sasa sikujua namkasirikia nani.