Neno "Nilisikia" katika Shauri la Bi Saumu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa meza kando ya mashine ya fotokopi, ghorofa ya nane, mtaa wa Xiaobei. Ilikuwa ofisi ya mawakili, na wateja wengi walikuwa wafanyabiashara wa kwetu Afrika Mashariki. Nilikuwa nimemaliza chuo hapa hapa Guangzhou, nikijiona Kichina nakijua. Wakili Mkuu, mama Mchina mfupi mwenye sauti ndogo, alisoma tafsiri yangu ya kwanza akanirudishia.

"Umeipamba, Anna. Hakuna mteja anayesema hivi."

Niliiandika upya mara tatu.

Kwa miaka mingi nilitafsiri kesi za makontena yaliyochelewa na viatu vya soko la Liuhua vilivyofika Dar vya mguu wa kushoto vitupu. Kisha akaja Bi Saumu, Mzanzibari aliyekuwa akinunua midoli kwenye maduka ya jumla ya barabara ya Yide. Mumewe aliuawa na bomu hotelini, katika nchi jirani na Tanzania, miaka mitano nyuma. Polisi wa huko walikuta redio za mawasiliano walizotumia washambuliaji. Zilikuwa zimesafirishwa kutoka Guangzhou ndani ya maboksi yaliyoandikwa midoli, na wakala wa mizigo aliyezituma bado alikuwa na ofisi mjini.

"Nataka kuwashitaki wote," alisema. "Kile kikundi, ile serikali iliyolala, na huyu wakala."

Wakili Mkuu alimweleza nami nikatafsiri. Kikundi hakina anwani ya kupelekewa wito wa mahakama. Serikali ya nchi nyingine ina kinga ya dola, maana yake mahakama za hapa kwa kawaida haziihukumu. Alibaki wakala, naye analindwa na ukomo wa muda: miaka mitatu tangu mdai ajue madhara na aliyehusika.

Bi Saumu alilijua jina la wakala mwaka mmoja tu uliopita, ripoti ya polisi ilipomfikia. Tukafungua shauri.

Siku ya kusikilizwa, wakili wa mdaiwa alisimama na maelezo ya Bi Saumu mkononi. "Mdai mwenyewe anasema alimjua mteja wangu tangu msibani. Muda umekwisha."

Nilifungua daftari langu. Bi Saumu alikuwa amesema, "Msibani nilisikia watu wanamtaja wakala mmoja." Mimi, kwa haraka, niliandika kwa Kichina kwamba alimjua.

Nilimtafsiria Wakili Mkuu sentensi ile upya. Alinitaka niirudie mara mbili.

"Ukisema, jina lako litaingia kwenye kumbukumbu za mahakama," alisema.

"Liingie."

Nikamweleza jaji kosa ni langu, nikakabidhi daftari. Akaagiza mkalimani mwingine alipitie. Wiki tatu nilikuwa sili vizuri. Bi Saumu hakunigombeza, aliniuliza tu, "Dada, hivi neno moja lingemzika mume wangu mara ya pili?"

Jaji alikubali marekebisho. Shauri likaendelea, wakala akalazimika kujibu maswali mbele yetu. Lakini haikuthibitika kwamba alijua redio zinakwenda kwa nani, wala kwamba alipaswa kujua. Tukashindwa.

Nilistaafu mwaka jana. Vijana wanaosomea ukalimani huniuliza kama mipaka ile ya sheria ni ya haki. Huwajibu kwamba bila ukomo wa muda mtu angeweza kushitakiwa kwa jambo ambalo mashahidi wake wote wamekufa. Na kwamba niliketi na mama ambaye mipaka hiyo hiyo ilimfungia njia karibu zote. Yote mawili ni kweli, na sijapata namna ya kuyapatanisha.

Hukumu ilipotoka, Bi Saumu alikuja ofisini.

"Jina la mume wangu limo?"

"Limo, ukurasa wa kwanza."

"Basi nisomee yote, kwa Kiswahili. Usiruke kitu."

Zilikuwa kurasa ishirini na sita. Nilimsomea hadi adhuhuri, polepole, naye kila nilipofika kwenye jina la mumewe alinyanyua mkono, nikasubiri, kisha akauteremsha nikaendelea.