Mstari Mweusi wa Komanda Makala

Niseme ukweli wote leo, maana wengi wenu mlishausikia kwa wengine ukiwa umetiwa chumvi, na mimi naona aibu yangu inatosha bila chumvi ya mtu: ndiyo, mimi ndiye niliyesimama kwenye ukumbi wa parokia, Jumapili baada ya misa, nikahubiri nusu saa juu ya uchafu wa mashine.

Yote yalianza na kitu kidogo. Sisi wapenzi wa vitabu vya katuni hapa mtaani Mapendo tuna shujaa wetu, Komanda Makala, muuza makala (mkaa, kwa wasioijua lugha yetu) wa Kibati aliyepata nguvu za ajabu siku volkano ilipolipuka. Anachorwa na Papa Kambale (yule anayeandika mabango ya maduka), na hadithi anatunga mke wake. Albamu ya kwanza iliisha madukani zamani. Binamu yangu wa Butembo alipita na yake siku moja tu, nikaikimbiza Katindo kwenye mashine ya fotokopi, nikarudi na nakala, na wenzangu walipouliza kama albamu yenyewe ninayo, nikajibu, "Niko nayo ku nyumba, hii ni ya kutembeza tu." Sentensi moja tu, jamani. Basi wote wakaja kunakili nakala yangu, nami nikawa mkubwa wa wapenzi wa katuni, cheo kisicho na mshahara lakini chenye maringo mengi.

Kisha Papa Kambale akatangaza kwamba albamu ya pili iko njiani, na utangulizi wake utaandikwa na mmoja wetu: tubishane mbele yake ni nani kamfanya Komanda awe Komanda, mchoraji au mtunzi, na atakayebishana vizuri ndiye atakayeandika na jina lake litachapwa. Jina langu ndani ya kitabu! Nilimwambia mama kabla hata ya ubishi wenyewe (mimi sina subira), naye akaitangazia parokia nzima (yeye pia hana).

Jumapili hiyo ukumbini, upande wa mtunzi alisimama Espérance, mwalimu wa shule ya msingi, mtu anayeugua akikosea. Alisema vizuri, leo nakubali: bila maneno, Komanda ni muuza makala aliyevaa vibaya. Watu wakapiga makofi. Nikasimama upande wa mchoraji na silaha yangu, kwa sababu kwenye kila ukurasa, upande wa kulia, kuna mstari mweusi mwembamba unaoshuka toka juu mpaka chini, unampitia Komanda begani, unawapitia maadui, unampitia hata mbuzi.

"Batu banasoma maneno," nikasema, "lakini ile mustari njo roho ya kitabu! Ni zambi ya Komanda, inamufwata fasi yote anaenda!"

Kusikia neno dhambi, watu wakainua shingo. Kila mtu akafungua nakala yake, na kweli mstari ulikuwepo (ungekosaje, wakati nakala zote zilizaliwa na yangu?), nikaona vichwa vinatikisika, nikapata moto, nikasema hakuna mchoraji mwingine duniani mwenye ujasiri wa kumkata shujaa wake mwenyewe hivyo, nikaongeza Kifaransa ambacho hata mimi sikukielewa.

Papa Kambale alinitazama jinsi daktari anavyomtazama mgonjwa.

"Mutoto wangu, mustari gani?"

"Ile nyeusi, papa. Ya zambi."

Akafungua mfuko wake, akatoa karatasi alizochora kwa mkono, akazipanga mezani moja moja. Safi kabisa. Hata mbuzi alikuwa safi.

Mtu mwenye akili angekaa hapo. Mimi nikaeleza kwamba yangu ni chapa ya kwanza, ile adimu, yenye mstari.

"Nilichapisha mara moja tu," akasema Papa Kambale, polepole, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ndipo Espérance, ambaye anaimba kwaya, akatoa karatasi ya nyimbo za misa ya asubuhi ile, iliyonakiliwa palepale Katindo, akaiinua juu watu wote waione. Mstari uleule, upande uleule, umeshuka katikati ya wimbo wa Utukufu.

"Na hii ni zambi ya nani?" akauliza. Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia. "Na ile albamu yako ya ku nyumba, enda uilete. Siye tuko tunangoja."

Nikaenda. Nilitoka mbele ya watu wote nikitembea haraka, kama mtu anayekwenda kuleta kitu, na sikurudi. (Nimeambiwa wawili watatu walingoja kweli, Mungu awabariki.) Nilijifungia chumbani nikalia, mtu mzima mwenye ndevu, na tangu siku ile nimeapa: nikiulizwa kama ninacho kitu, nasema sina, hata kama nimekishika mkononi.

Albamu ya pili imetoka. Utangulizi ni wa Espérance, umeandikwa vizuri mno, na mwishoni anamshukuru "msomaji mmoja wa Mapendo aliyetuchekesha na kutufungua macho." Mama alinunua yake, akavaa miwani, akatafuta jina langu ukurasa kwa ukurasa, akafika pale akasimamisha kidole.

"Huyu musomaji wa Mapendo ni nani? Unamujua?"

"Hapana, mama," nikasema. "Simujui."