Nukta Mbili Zinazopanda Juu

"Diplome habakulake na bukari," baba yangu mdogo alisema akimega ugali mbele ya ukoo, niliporudi kutoka masomoni ng'ambo na kuwaeleza mpango wangu. "Weye uchunge bakaratasi ya bafanyabiashara? Utashindwa mbele ya mvua kuanza." Wote wakacheka. Nikawakopa haohao waliocheka, nikafungua ofisi katikati ya mji.

Kwenye seva yangu, kompyuta inayotunza hati za wateja, kila mfanyabiashara alikuwa na folda yake. Humo wakala wake wa forodha pale Kasumbalesa alizipata hati za mizigo na bei zake kabla lori halijafika mpakani. Hakuna mjini aliyeifanya kazi hiyo kunishinda.

Siku moja akaja mama muuzaji wa jumla, mtu wa Kivu ya Kaskazini. Nyuma yake shemeji yake, ambaye ndiye wakala wake, alibaki mlangoni akiminya kofia mikononi.

"Mutoto yangu, iko muntu anasomaka barua zangu. Kila mara mushindani anateremusha bei chini ya yangu, lori ingali njiani. Ni huyu shemeji anamuambiaka. Kesho ninamupeleka ku polisi."

"Mama, ulimuona anauzisha siri?"

"Nani mwingine anajua bei?"

Nikakagua nani alikuwa ameifungua folda yake. Maombi ya kufungua faili zake yalitoka kwenye folda ya majaribio, ile ambayo mgeni yeyote huingia kuonja huduma. Ndani ya njia ya faili, yaani anwani yake, palikuwa na nukta mbili na mkwaju (../), tena na tena: toka humu, panda juu, shuka kwa jirani. Programu niliyonunua ilikagua mwanzo wa njia tu, kama mlinzi wa lupango, ua wa nyumba nyingi, anayekuuliza jina getini, kisha asitazame umeingia nyumba gani. Ombi la mwisho lilikuwa la asubuhi ileile.

"Mama, shemeji hana kosa. Mwizi alipita kwangu."

"Kwako? Weye mwenye diplome?"

"Kwangu. Na ni mimi nitamufungia mulango."

Nikaifanya programu iifuate njia yote hadi mwisho kwanza, ndipo ihakikishe haitoki nje ya folda ya aliyeomba, na inionye kwa simu mtu akijaribu tena. Kisha nikawaambia wateja wote. Baadhi waliondoka. Mama alimgeukia shemeji yake: "Vaa kofia. Lori iko inakungoja." Sokoni akasimulia kwamba mimi sifichi kosa langu, na wateja wakaja kuliko mwanzo.

Baba mdogo nilimlipa wa mwisho kati ya walionikopesha.

"Na ule mwizi?" akauliza.

Simu ikatetemeka mfukoni. Onyo kutoka kwenye seva: nukta mbili, mkwaju, nukta mbili. Ombi limekataliwa.

"Iko mulangoni," nikamjibu.